Je, gemu zangu za Windows zitafanya kazi kwenye Steam Deck? Naomba ushauri kabla ya kununua

Mkazi wa Nkuhungu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Naandika kutoka Nkuhungu hapa Dodoma, na ninahitaji ushauri wa watu waliokwisha kutumia vifaa vya mkononi vya kuchezea gemu vinavyoendeshwa na Linux, hususan Steam Deck ya kampuni ya Valve. Binamu yangu anayeishi Ujerumani anakuja likizo mwezi ujao, na yuko tayari kuniuzia ya kwake kwa bei ya kindugu. Ni ile ya toleo la kwanza, yenye skrini ya inchi 7 na hifadhi ya GB 256. Kifaa chenyewe nimekwisha kukipenda. Kinachonizuia kumpa jibu ni gemu.

Kwa miaka mingi nimecheza kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows, na karibu kila gemu niliyoinunua iliandikwa kwa ajili ya Windows. Ninazozicheza mara kwa mara ni The Witcher 3, Elden Ring, GTA V, Football Manager 2024, na Euro Truck Simulator 2 ambayo nimeiongezea mabasi yaliyoundwa na mashabiki. Kuna pia EA Sports FC, ambayo mdogo wangu wa kidato cha nne haachi kuicheza kila likizo. Nyingi ya hizo ziko Steam, duka la mtandaoni la Valve, chache nilizinunua kwenye duka la GOG, na nina diski kadhaa za gemu za zamani ambazo ningependa kuziokoa kabla hazijaharibika.

Nimesoma kwamba kuna programu iitwayo Proton inayoziwezesha gemu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Wapo wanaosema kila kitu kinakubali bila kuguswa, na wapo wanaosema ni bahati nasibu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa utaratibu ni kitu gani hasa kinachofanya gemu ikubali au ikatae, na nitajuaje kabla sijatoa fedha yangu. Nyumbani sina intaneti ya waya, ninategemea bando la simu, kwa hiyo ningependa pia kujua kama kifaa hiki kinamfaa mtu wa hali hiyo. Maelezo marefu hayanisumbui hata kidogo.

Fundi wa Makole alijibu:

Ndugu Mkazi wa Nkuhungu, salaam. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na vifaa hivi hunifikia mezani mara kwa mara, vingine vikiletwa na watu wanaoamini kwamba vimeharibika kumbe kifaa ni kizima na gemu ndiyo iliyokataa kufunguka. Nitaanza na namna Proton inavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hilo utaweza kuikadiria gemu yoyote wewe mwenyewe bila kusubiri mtu akuambie.

Faili la gemu ya Windows limejaa maagizo ya kichakataji, na maagizo hayo kwa sehemu kubwa hayabagui kama mfumo endeshi ni Windows au Linux. Kichakataji cha Steam Deck kimetengenezwa na AMD na ni cha ukoo uleule wa x86 uliomo kwenye kompyuta yako ya mezani, kwa hiyo huyatekeleza moja kwa moja. Shida huanza pale gemu inapohitaji huduma ya mfumo endeshi, kama vile kufungua faili, kutoa sauti, kujua ni kitufe gani kimebonyezwa, au kuchora picha kwenye skrini. Huduma hizo gemu huziita kwa majina ya Windows, majina ambayo Linux haiyatambui. Hapo ndipo inapoingia Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, ambao hupokea maombi hayo na kuyatimiza kwa huduma za Linux. Wine haiundi kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na ndiyo sababu gemu haipotezi kasi kwa kiwango ambacho watu wengi hukidhania.

Proton ni Wine iliyoboreshwa na Valve kwa kushirikiana na kampuni ya CodeWeavers. Ilitolewa Agosti 2018, yaani zaidi ya miaka 3 kabla Steam Deck haijaanza kuwafikia wanunuzi mwezi Februari 2022, kwa hiyo usiichukulie kama jaribio la jana. Kwa maoni yangu, kilicholeta mabadiliko makubwa kuliko yote ni upande wa michoro. Gemu nyingi za Windows huchora kwa kutumia Direct3D ya Microsoft, ambayo Linux haina. Proton hubeba programu mbili za kuliziba pengo hilo: DXVK, ambayo hubadili maagizo ya Direct3D kuanzia toleo la 8 hadi la 11 yawe ya Vulkan, mfumo wa michoro ambao Linux inaufahamu, na VKD3D-Proton, ambayo hufanya kazi hiyohiyo kwa Direct3D 12. Draiva ya AMD iliyomo kwenye Linux inaimudu Vulkan vizuri sana, na matokeo yake wakati mwingine huwashangaza hata waliozoea Windows. Elden Ring ilipotoka Februari 2022, wachezaji wengi wa Windows walilalamika kwamba inakwamakwama hata kwenye kompyuta zenye nguvu. Wahandisi wa Valve walilishughulikia tatizo hilo ndani ya Proton yenyewe, na kwenye Steam Deck gemu hiyo ikawa inakwenda kwa utulivu zaidi.

Tukija kwenye orodha yako, The Witcher 3 inafanya kazi bila wasiwasi. Nakushauri uifungue kwa DirectX 11 (yaani Direct3D 11) badala ya 12, kwa sababu ni nyepesi zaidi kwa kifaa na betri hudumu zaidi. Elden Ring nimekwisha kuitaja. Football Manager 2024 nayo inakubali, ila ni gemu ya majedwali na maandishi mengi, na kwenye skrini ya inchi 7 yenye nukta 1280 kwa 800 macho yatafanya kazi kidogo. Euro Truck Simulator 2 ina toleo lake la Linux, kwa hiyo Proton si lazima. Hata hivyo unaweza kuilazimisha Steam itumie toleo la Windows kupitia Proton, na uamuzi huo una athari kwa mabasi yako: toleo la Linux hutafuta folda ya nyongeza ndani ya folda iliyofichwa ya .local/share, ilhali toleo la Windows huitafuta ndani ya folda ya Documents ya Windows ya kuigiza ambayo Proton huiunda kwa ajili ya gemu hiyo, chini ya mtumiaji aitwaye steamuser. Watu huweka mabasi kwenye folda moja huku gemu ikisoma nyingine, kisha hudai kwamba Linux haikubali nyongeza.

GTA V na EA Sports FC ndizo zinazohitaji mazungumzo mengine. Namwachia nafasi hiyo kijana wetu wa UDOM, kwa kuwa najua yumo humu na ndilo eneo lake.

Kuhusu kujua mapema, Valve hupima gemu na kuziweka katika makundi manne: zilizothibitishwa, zinazochezeka, zisizotumika, na ambazo bado hazijapimwa. Kundi la gemu utaliona kwenye maktaba yako ya Steam hata kama huna kifaa. Ili ithibitishwe, gemu inapaswa kukubali vitufe vya kifaa bila kuhitaji kibodi, maandishi yake yasomeke kwenye skrini ile ndogo, isitoe onyo la kutopatana na mfumo, na ifunguke kikamilifu kwa Proton. Ikikosa jambo dogo, kwa mfano ikikulazimu kugusa skrini ili kupita dirisha la mwanzo, hushushwa hadi kundi la zinazochezeka. Kwa hiyo usiogope kundi hilo la pili. Gemu nyingi nzuri zimo humo kwa sababu ya jambo la sekunde 10. Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe huandika taarifa na gemu hupewa daraja kuanzia platinamu, dhahabu, fedha hadi shaba. Soma tarehe za taarifa, usiangalie daraja peke yake, maana gemu iliyokuwa ikifanya kazi mwaka juzi inaweza kuwa imevunjwa na sasisho la mwaka huu.

Kijana wa CIVE alijibu:

Shikamoo kaka Mkazi wa Nkuhungu, na asante Fundi kwa kunitaja. Ninasoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma katika ndaki ya informatika (CIVE), na suala la gemu za mtandaoni ndilo ninalolifuatilia kwa karibu, kwa sababu wenzangu wengi hununua kifaa kwa kuangalia video nzuri kisha hugundua kwamba gemu moja waliyoitaka ndiyo pekee isiyofunguka.

Gemu za kushindana mtandaoni huwa na programu ya kuzuia udanganyifu. Baadhi ya programu hizo kwenye Windows hupakia draiva ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali penye mamlaka kuliko programu yoyote ya kawaida, ili ziweze kuona kila kinachoendelea kwenye kompyuta. Wine na Proton hukaa ngazi ya chini ya mamlaka hayo, yaani ngazi ya programu za kawaida za mtumiaji. Proton inaweza kuyatimiza maombi ya gemu, lakini haiwezi kuipa draiva ya Windows kiini cha Windows, kwa kuwa kiini kilichopo ni cha Linux. Valorant, kwa mfano, hutegemea Vanguard, ambayo ni programu ya aina hiyo, na kwa hiyo haifunguki. League of Legends ilikuwa ikichezeka kwenye Linux mpaka ilipowekewa Vanguard mwaka 2024, na mlango ukafungwa siku hiyo.

Zipo programu nyingine ambazo hazina kizuizi hicho cha kiufundi. Easy Anti-Cheat na BattlEye ndizo zinazotumiwa na gemu nyingi sana, na mwezi Septemba 2021 zote mbili zilitangazwa kuwa zinaweza kufanya kazi chini ya Proton. Ila zinahitaji jambo moja: kampuni inayomiliki gemu iruhusu. Elden Ring inatumia Easy Anti-Cheat na wenyewe wameruhusu, ndiyo maana unaweza kucheza na wenzako mtandaoni. Fortnite nayo inatumia Easy Anti-Cheat, lakini wenye gemu hiyo, kampuni ya Epic, hawajairuhusu kwa Linux. Teknolojia ni ileile, uamuzi ndio unaotofautiana, na jambo hili linaniuma kusema kweli, kwa sababu mchezaji aliyelipa fedha yake hana la kufanya.

Kwa GTA V, hadithi ya Michael, Franklin na Trevor utaicheza mwanzo hadi mwisho bila tatizo. Sehemu ya mtandaoni ndiyo iliyofungwa: Septemba 2024 Rockstar waliweka BattlEye kwenye GTA Online bila kuiruhusu kwa Proton, na tangu hapo wanaotumia SteamOS, yaani mfumo wa Linux uliomo ndani ya Steam Deck, hawaingii. Apex Legends ni mfano unaosikitisha zaidi, kwani iliruhusiwa mwaka 2022, watu wakaizoea kwenye Steam Deck, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakatangaza kuiondoa Linux kabisa kwa sababu ya wadanganyifu. Ninayataja haya ili ufahamu kwamba gemu ya mtandaoni inayofanya kazi leo haina dhamana ya kesho.

EA Sports FC, samahani sana kwa mdogo wako, haichezeki. Kuanzia FIFA 23 kampuni ya EA ilianza kutumia programu yake yenyewe ya kuzuia udanganyifu, inayoingia ndani ya kiini cha Windows, na FC 24 na FC 25 zikarithi mfumo huo. Hapa si suala la kubadili toleo la Proton wala kuandika amri za siri. Utakutana na watu wanaotoa maelekezo ya kuikwepa programu hiyo; tafadhali usiyafuate, kwa sababu akaunti yako inaweza kufungiwa na gemu zako zote ulizonunua zikakwama humo.

Kama mdogo wako atakubali gemu tofauti ya mashindano, Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo yake ya Linux, kwa kuwa ni za Valve wenyewe, na hazina kizuizi hiki.

Mtumishi wa Mtumba alijibu:

Ninaheshimu maelezo yaliyotangulia, lakini nina mtazamo tofauti. Ikiwa nyumbani kuna mtoto ambaye gemu yake kuu ni mpira wa FC, kwa nini familia inunue kifaa ambacho tayari tunajua hakitaicheza? Vipo vifaa vya mkononi vinavyokuja na Windows 11, kama ROG Ally ya ASUS, na humo EA Sports FC inafunguka, GTA Online inafunguka, na hata gemu za kompyuta za Game Pass, huduma ya usajili ya Microsoft, zinasakinishika, jambo ambalo SteamOS haikuwezeshi. Mimi ninatumia kifaa cha aina hiyo na ninaridhika nacho, ingawa ni kweli kwamba Windows kwenye skrini ndogo inachosha, na kifaa kikilala hakiamki kwa uhakika kama Steam Deck inavyoamka. Muulizaji alipime hili kabla ya kuvutwa na bei ya kindugu.

Mkazi wa Nkuhungu alijibu:

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Ndugu wa Mtumba, hoja yako ni ya haki na nimeizungumza na mdogo wangu jana usiku. Kompyuta ya mezani haiondoki. Itabaki pale sebuleni na FC yake, na kifaa cha mkononi kitakuwa changu cha safarini, hasa ninapokwenda Dar es Salaam kikazi kwa treni ya SGR. Kwa mpango huo hasara ya FC ninaibeba, na GTA Online sijawahi kuwa mtu wake.

Yamebaki mambo mawili ambayo bado hayajaguswa. La kwanza ni bando, kwa sababu The Witcher 3 peke yake ni makumi ya GB na sina nguvu ya kuzipakua upya wakati tayari zimo kwenye kompyuta yangu. La pili ni zile gemu za GOG na za diski.

Mama Wawili wa Kisasa alijibu:

Kaka, kuhusu bando ngoja nikusaidie mimi, kwa kuwa nyumbani kwangu Kisasa nimeishi na kifaa hiki katika hali kama yako, nikiwa na watoto wawili na kipanga njia cha laini ya simu.

Huna haja ya kupakua upya. Tangu mwaka 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba. Washa Steam kwenye kompyuta yako ya mezani, washa Steam Deck, viunganishe vyote kwenye kipanga njia kimoja, kisha bonyeza kusakinisha gemu kwenye Deck. Itaiona kompyuta yako na kuvuta mafaili kutoka huko badala ya kuyatafuta kwenye seva za nje. Vifaa vyote viwili vinahitaji kuwa vimeingia Steam, kwa hiyo intaneti kidogo hutumika, lakini yale makumi ya GB yanapita hewani ndani ya chumba chako bila kugusa bando. Kipanga njia kikiwa dhaifu kazi itachukua muda, basi iache usiku.

Njia nyingine ni diski ya nje. Unalinakili folda la gemu kutoka kwenye kompyuta, kutoka steamapps kisha common, unalipeleka kwenye folda la jina hilohilo ndani ya Deck, halafu unabonyeza kusakinisha. Steam itayakuta mafaili, itayakagua, na itapakua tu kilichopungua. Ila hapa kuna tahadhari ambayo watu wengi huipuuza: usijaribu kuicheza gemu moja kwa moja kutoka kwenye diski iliyofomatiwa kwa NTFS ya Windows. Steam Deck itaisoma diski hiyo na utayaona mafaili yote, lakini Proton huunda viungo vya faili ambavyo NTFS haivishughulikii ipasavyo, na gemu hufunguka leo, kesho ikakataa. Tumia diski hiyo kusafirisha tu. Kadi ya kumbukumbu iache Deck iifomati yenyewe, na ujue kwamba baada ya hapo Windows haitaisoma.

Kitu kingine kinachokula bando kimyakimya ni sheda. Hizi ni programu ndogo za michoro ambazo kila gemu inazo nyingi sana, na kwa kuwa Steam Deck zote zina kadi ya michoro ya aina moja, Valve huzituma zikiwa zimeandaliwa tayari ili gemu isikwamekwame unapoicheza mara ya kwanza. Ni huduma nzuri, lakini zinasasishwa mara kwa mara, na kwa mtu wa bando unaweza kuona mamia ya MB yakiondoka bila wewe kufungua gemu yoyote. Ukitaka unaweza kuizima kwenye mipangilio ya Steam ukiwa katika hali ya dezktopu, yaani kifaa kikitumika kama kompyuta ya kawaida. Kabla hujaizima, fahamu kwamba kupitia njia hiyohiyo Valve hutuma pia video za ndani ya gemu zilizobadilishwa muundo, kwa sababu baadhi ya miundo ya video ya Windows inalindwa na hataza na Proton haiwezi kuibeba. Ukiizima, katika baadhi ya gemu video za hadithi zitageuka kuwa mistari ya rangi kama televisheni isiyo na matangazo. Mimi nimeiacha iwake, na badala yake nimeipangia Steam isasishe usiku tu, saa ambazo bando la usiku linafanya kazi. Gemu ambazo hatuzichezi nimeziwekea zisasishwe pale tu zitakapofunguliwa.

Kwa safari ya treni, hakikisha kila gemu umeifungua angalau mara moja ukiwa na intaneti kabla ya kuondoka nyumbani. Ufunguzi wa kwanza ndio unaounda ile Windows ya kuigiza aliyoieleza Fundi na kusakinisha maktaba ndogondogo ambazo gemu inazihitaji. GTA V ina pia programu ya Rockstar inayotaka kuingia kwenye akaunti, na ukiikumbuka ukiwa umefika Gulwe ambako mtandao unakatikakatika, utabaki unaangalia dirisha. Baada ya hapo weka Steam katika hali ya kutotumia mtandao ukiwa bado nyumbani.

Betri ya toleo lako ni ya Wh 40, na Valve wenyewe waliikadiria kati ya saa 2 na saa 8 kulingana na gemu. Ukicheza Elden Ring hesabu ile ndogo. Ukiweka kikomo cha fremu 40 kwa sekunde na skrini ukaiweka kwenye Hz 40, utaona tofauti. Chaja yake ni ya USB-C ya W 45, kwa hiyo pawabenki ya kawaida ya simu itaishindwa. Tafuta yenye uwezo huo.

Fundi wa Makole alijibu:

Mama Wawili amemaliza suala la bando kuliko ambavyo ningeweza. Nabaki na gemu zilizo nje ya Steam.

Za GOG ndizo rahisi zaidi, kwa sababu GOG huuza gemu bila kufuli la nakala. Ingia katika hali ya dezktopu, fungua duka la programu la Discover, na usakinishe Heroic Games Launcher. Ukiingiza akaunti yako ya GOG humo, gemu zako zitaonekana, utaziwekea toleo la Proton, na Heroic itakuruhusu kuziongeza kwenye maktaba ya Steam ili uzifungue bila kurudi dezktopu. Heroic inashughulikia pia akaunti za Epic. Ikiwa ulikwisha kuhifadhi mafaili ya usakinishaji ya GOG kwenye diski ya nje, yatumie hayo, bando lako lisiguswe.

Za diski zinategemea umri na aina ya kufuli. Gemu nyingi za miaka ya 2000 zilitumia SafeDisc, ambayo ilikuwa na draiva yake ndani ya kiini cha Windows. Microsoft wenyewe waliacha kuikubali draiva hiyo kuanzia Windows 10, mwaka 2015, kwa sababu za usalama. Kwa hiyo usitegemee gemu hizo kufunguka kwenye Steam Deck kutoka kwenye diski halisi, na hazifunguki kwenye Windows ya leo pia. Sababu ni ileile aliyoieleza kijana wa CIVE. Angalia kama GOG au Steam wanaziuza upya, kwani wauzaji hao huliondoa kufuli la zamani. Diski zisizo na kufuli zinakili kwenye kompyuta ya mezani sasa hivi, kisha mafaili uyapeleke Deck na uyaongeze Steam kama gemu isiyo ya Steam. Kwa uzoefu wangu gemu za Direct3D 8 na 9 hupata maisha mapya ndani ya DXVK, na baadhi yake hutulia kuliko zinavyotulia kwenye Windows 11.

Kuhusu matoleo ya Proton: acha Steam ichague. Gemu ikikataa, jaribu kwanza Proton Experimental, kisha GE-Proton, ambayo si ya Valve lakini hubeba marekebisho ya ziada, hasa ya video. Usibadili ovyo. Gemu zenye Denuvo, ulinzi dhidi ya nakala za wizi, huhesabu kila toleo jipya la Proton kama kompyuta mpya, na ukibadili mara nyingi ndani ya siku moja hufungwa kwa saa 24. Watu huniletea kifaa wakidhani kimeharibika, kumbe kesho yake kinafunguka chenyewe.

Mkazi wa Nkuhungu alijibu:

Nimempigia binamu asubuhi hii na nimemwambia aje nacho. Nimemwomba pia aje na chaja yake halisi, na kabla hajasafiri atoe akaunti yake, akirudishe kifaa katika hali ya kiwandani na kukisasisha kwa intaneti ya huko, ili bando langu lisianze na sasisho la mfumo mzima. Kijana wa CIVE, swali moja la mwisho: nikiamua baadaye kuweka Windows ndani ya Deck hiyohiyo kwa ajili ya mdogo wangu, inawezekana?

Kijana wa CIVE alijibu:

Inawezekana, kaka. Valve hutoa draiva za Windows kwa ajili ya Steam Deck, ingawa hawatoi msaada wa kuweka mifumo miwili kwa pamoja. Kwa hifadhi ya GB 256 sikushauri, kwa kuwa Windows pamoja na FC vitaimeza karibu nusu yake, na Witcher yako itakosa pa kukaa. Ukifika wakati huo, nunua diski kubwa zaidi ya NVMe ya ukubwa wa 2230, hakikisha ni 2230 na si ile ndefu ya kompyuta mpakato, kisha mpelekee Fundi pale Makole aifunge.